Mtawala wa Tanga aliyeacha jina lake katika ua la Usambara

ANAYEPENDA kupanda maua ndani ya nyumba katika vilima vya Kisii na Nyamira huenda amewahi kununua ua fupi lenye majani manene ya manyoya, maua ya rangi ya urujuani na kitovu cha manjano. Mmea huo hauwezi baridi ya usiku wa nyanda za juu. Halijoto ikishuka chini ya nyuzi 15 hudumaa, hivyo huwekwa karibu na dirisha lisilopigwa na jua kali. Wengi huudhani umetoka Ulaya, kwa kuwa hufika madukani ukiwa na jina la kigeni. Ukweli ni kwamba asili yake ni misitu ya jirani zetu wa Tanga, nchini Tanzania, na jina hilo la kigeni ni la mtu aliyetawala huko.

Mtu huyo ni Walter von Saint Paul-Illaire. Alizaliwa mwaka 1860 katika ukoo wa makabaila wa Ujerumani. Baba yake, Ulrich, alikuwa na mali huko Fischbach, Silesia, na sifa yake kubwa ilikuwa mapenzi ya miti na mimea ya nchi za mbali. Bila baba huyo, huenda leo kusingekuwa na habari ya kusimulia.

Kijana Walter alifika Afrika Mashariki akiwa mtumishi wa Kampuni ya Wajerumani ya Afrika Mashariki, ile ile ambayo jeuri yake pwani ilizusha vita vya Abushiri mwaka 1888. Abushiri alinyongwa Pangani mwezi Desemba 1889, na mwanzoni mwa 1891 serikali ya Ujerumani ikaitwaa nchi kutoka mikononi mwa kampuni. Saint Paul akawa mkuu wa wilaya ya Tanga.

Wasomaji wa Kisii wanajua mkuu wa wilaya wa enzi hizo alikuwa mtu wa namna gani. Northcote, aliyepigwa mkuki na Otenyo mwaka 1908 kwa uchochezi wa nabii Moraa, alikuwa na cheo kama hicho upande wa Waingereza. Alikuwa hakimu, mtoza kodi na mkubwa wa askari kwa wakati mmoja. Saint Paul hakuwa tofauti kwa mamlaka. Jambo moja tu lilimtenga na wenzake wengi, nalo ni kwamba alikijua Kiswahili vizuri. Mwaka 1890 kilichapishwa kitabu chake cha kuwafundishia Wajerumani lugha hiyo, kikatumika katika chuo cha lugha za Mashariki mjini Berlin. Maofisa waliokuja baadaye walijifunza kuamuru kwa Kiswahili kwa msaada wa vitabu vya aina hiyo.

Ua aliliona akiwa katika safari zake za wilayani. Alilikuta mahali pawili: katika nyufa za miamba ya chokaa karibu na mji wa Tanga, na tena ndani ya msitu mzito wa Usambara, kwenye mwinuko wa mita 760 hivi. Si kwamba hakuna aliyelijua kabla yake. Wenyeji wa milima ile walipita kandokando yake vizazi na vizazi, na hata Wazungu walikuwa wamekwisha kulichuma. John Kirk, balozi wa Uingereza Zanzibar, alipeleka sampuli London mwaka 1884. Miaka mitatu baadaye akafanya hivyo hivyo mmisionari W. E. Taylor, yule mwanachuoni wa Kiswahili cha Mombasa. Lakini mimea yao ilifika ikiwa imekauka na pungufu, wataalamu wakashindwa kuipa jina. Saint Paul alipeleka kitu kilicho hai, na hapo ndipo tofauti ilipo. Kwamba nani alimwongoza hadi kwenye miamba ile, hati za wakati huo hazikujali kuandika.

Mwaka 1892 mbegu zilikuwa mikononi mwa baba yake Fischbach. Mzee aliziotesha, kisha akampa Hermann Wendland, mkuu wa bustani za kifalme za Herrenhausen mjini Hannover. Wendland aliona kuwa huo ni mmea usiofanana na wowote ulioandikwa, akautangaza mwaka 1893 kwa jina la Saintpaulia ionantha. Sehemu ya kwanza iliwaheshimu baba na mwana, na ya pili ni maneno ya Kigiriki yenye maana ya ua lifananalo na urujuani. Mwaka huo huo ukaonyeshwa katika maonyesho makubwa ya maua ya Ghent, Ubelgiji, watu wakaustaajabia. Kampuni ya mbegu ya Benary ya mji wa Erfurt ikachukua kazi ya kuuzalisha na kuuuza.

Hapo ndipo maisha ya pili ya ua hilo yalipoanzia, katika nyumba za vioo, au vivungulio kama wakulima wetu wanavyoviita siku hizi. Kazi yenyewe ni ya subira kuliko ya nguvu. Mzalishaji huchagua mimea miwili, mmoja kwa uzuri wa rangi na mwingine labda kwa uimara wa majani. Hupasua kifuko cha manjano cha ua la kwanza, hutoa chavua na kuipaka kwenye ncha ya ua la pili. Kisha hungoja. Tunda dogo huchukua miezi minne hadi sita, pengine zaidi, kukomaa, na ndani yake mna mbegu laini kama vumbi. Mbegu hizo huoteshwa juu ya udongo mwepesi wenye unyevu, na miezi mingi hupita kabla ya ua la kwanza kuchanua. Katika mamia ya miche, mingi hutupwa. Mmoja ukionekana wa pekee, kazi iliyobaki ni rahisi ajabu: jani moja huchumwa na kikonyo chake, huchomekwa udongoni, nalo huzaa vimea vinavyofanana na mama yao. Ndiyo maana aina mpya iliyopatikana kwa taabu ya miaka mingi inaweza kuenea mji mzima kwa muda mfupi, jirani akimgawia jirani jani.

Hatua kubwa zaidi ilipigwa Los Angeles, Marekani. Mwaka 1926 kampuni ya Armacost na Royston iliagiza mbegu kutoka Ujerumani na Uingereza, ikaotesha miche kwa maelfu na mwishowe ikabakiza aina 10 tu. Mojawapo iliitwa Blue Boy. Aina hiyo, kwa mabadiliko ya ghafla ambayo hakuna aliyeyapanga, ilikuja kuzaa maua yenye petali maradufu, na karibu na mwaka 1940 rangi ya waridi nayo ikapatikana. Mwaka 1946 wapenzi wa ua hilo waliunda chama chao cha Marekani baada ya maonyesho ya Atlanta. Tangu hapo aina zilizosajiliwa zimefikia maelfu, zikiwa nyeupe, nyekundu, zenye kingo za kijani na zenye madoa, nyingi zikiwa hazifanani tena na ua la miamba ya Tanga.

Mkulima wa Keroka hatashangazwa na safari ya namna hii, maana anaijua kwa upande wake wa pili. Pareto, ua jeupe lililosomesha watoto wengi wa Kisii na Nyamira, asili yake ni Dalmatia, ng'ambo ya bahari ya Mediterania. Lilifika Kenya mwishoni mwa miaka ya 1920, na watafiti wa Molo wakachagua miche yenye sumu nyingi ya kuua wadudu. Kwa miaka mingi Kenya ikaongoza duniani, hadi malipo yalipoanza kuchelewa na wengi wakang'oa mashamba. Ua la kigeni lilimletea fedha mwenyeji, ijapokuwa hazikudumu. Ua la Usambara halikufanya hata hivyo. Biashara yake ilikua Erfurt, Los Angeles na kwingineko, na hapakuwa na sheria iliyomtaka yeyote aikumbuke Tanga. Mkataba wa kimataifa kuhusu uhai anuwai ulikuja mwaka 1992, karne nzima baada ya mbegu zile kusafirishwa.

Ajabu ni kwamba mwaka ule ule wa 1893, ua likipewa jina Hannover, mmea mwingine ulikuwa ukiingia kwa njia ya Tanga: miche 62 ya mkonge iliyosalimika safarini kutoka Florida, iliyoagizwa na Richard Hindorf. Mkonge ukaenea katika nchi tambarare. Milimani, wazungu walikata msitu wa Usambara ya Mashariki ili kupanda kahawa, ambayo kwa sehemu kubwa haikustawi. Saint Paul ndiye aliyekuwa mtawala wa wilaya wakati mapori hayo yakigawanywa. Haiwezekani kumsifu kwa ua na kumnyamazia kwa msitu, ingawa wanaoandika juu ya maua ya ndani mara nyingi hufanya hivyo.

Aliondoka Tanga mwaka 1910, miaka minne kabla ya Waingereza kujaribu kuuteka mji huo na kushindwa vibaya. Alifariki Berlin mwezi Desemba 1940, akiwa na umri wa miaka 80, nchi yake ikiwa vitani kwa mara ya pili.

Msitu uliobaki uliendelea kukatwa mbao hadi miaka ya 1980. Mwaka 1997 ilitangazwa Hifadhi ya Asili ya Amani, na ua hilo likawa mojawapo ya hoja za kuulinda. Kenya nayo ina ndugu zake. Mmoja huota katika msitu wa Mbololo, Taita, na mwingine katika miamba ya Kilifi, yote miwili ikiwa hatarini kutoweka. Mwaka 2015 wataalamu wa mimea walihitimisha kuwa jamii ya Saintpaulia haina budi kuunganishwa na ile ya Streptocarpus, basi jina la mtawala wa Tanga likashushwa daraja katika vitabu vya sayansi. Wauza maua hawakubadili chochote, na vibandiko vya mikebe yao vinaendelea kulitaja.