Hugh Tracey, mtu aliyeliweka jenereta mbali ili ngoma zisikike

Mfanyabiashara aliyewahi kulala gesti ya mpakani usiku umeme umekatika anaijua sauti ya jenereta. Inapita dirishani, inapita ukutani, inaingia hata kwenye simu unapompigia mteja kumuuliza mzigo umefika wapi. Hugh Tracey aliishi na sauti hiyo safarini Kenya, Tanganyika, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo. Alikuwa akirekodi muziki vijijini, na bila jenereta mitambo yake haikufanya kazi. Pamoja nalo, kila wimbo ulikuwa hatarini kuharibika.

Alizaliwa mwaka 1903 Devon, Uingereza. Mwanzoni mwa miaka ya 1920, akiwa bado kijana, alikwenda Rhodesia ya Kusini, ambayo leo ni Zimbabwe, kufanya kazi na kaka yake kwenye shamba la tumbaku. Huko alijifunza lugha ya Wakaranga kutoka kwa vibarua wenzake, na nyimbo zao pia. Mwaka 1929 aliwachukua vijana 14 wa Kikaranga hadi Johannesburg, ambako kampuni ya Columbia ya London ilikuwa imeleta mitambo ya kurekodi. Baadaye alifanya kazi redioni Durban kwa zaidi ya miaka kumi. Mwaka 1947 aliiacha kazi hiyo ili muziki uwe shughuli yake ya kudumu. Kampuni ya santuri ya Gallo ilimsaidia kwa fedha na vifaa, na wamiliki wa migodi nao walichangia.

Safari zake kubwa katika eneo letu zilikuwa za mwaka 1950 na 1952. Alisafiri na lori lililobeba mitambo. Akifika kijijini, jambo la kwanza lilikuwa kuamua jenereta likae wapi. Lilipelekwa mbali kadiri waya ulivyoruhusu, na likiwekwa nyuma ya kitu kinachozuia sauti, vizuri zaidi. Siku hizi kompyuta inaweza kupunguza mvumo baada ya kazi kwisha. Wakati ule, mvumo ukishaingia kwenye sahani au utepe ulibaki humo, na kijiji kilikuwa kimeshaachwa nyuma.

Kelele nyingine hazikuwa na waya wa kuzisogeza: upepo unaopuliza maikrofoni, kuku, watoto wanaokuja kushangaa. Dawa yake ilikuwa kusogea karibu. Hakuiacha maikrofoni isimame mahali pamoja kama ilivyozoeleka studio. Aliishika mkononi na kutembea nayo kati ya wapigaji, akikaribia zeze linalonong'ona na kurudi nyuma ngoma inapopanda. Kifaa kikiwa karibu na chanzo, sauti inayotakiwa inaizidi nguvu ile isiyotakiwa, wala hahitajiki fundi kulieleza hilo. Muuzaji anayetuma ujumbe wa sauti kutoka stendi ya mabasi hufanya vivyo hivyo anapouleta mdomo karibu na simu.

Upande mmoja wa santuri ya wakati huo ulibeba dakika kama tatu tu. Ngoma ambayo kijijini ingechezwa usiku kucha ilibidi ianze na kuisha ndani ya dakika hizo, kwa ishara ya mgeni mwenye maikrofoni. Tunachokisikia leo ni kipande kilichokatwa kulingana na ukubwa wa sahani.

Lakini ugumu mkubwa wa kazi yake ulikuwa kuamua kelele ni ipi. Timbila za Wachopi wa Msumbiji, ambazo alizisomea kwa miaka na kuziandikia kitabu mwaka 1948, zina vibuyu chini ya mbao zake, na kila kibuyu kina tundu lililofunikwa kwa utando mwembamba. Utando huo unavuma kila mbao inapogongwa. Ilimba ya Wagogo wa Dodoma nayo huwekewa utando wa buibui ili ivume, na mbira hufungiwa makombe au vifuniko vya chupa kwa sababu hiyohiyo. Fundi wa London angedhani spika imepasuka. Tracey alielewa kwamba mvumo ule umewekwa kwa makusudi na mtengenezaji wa ala, na kwamba ukiuondoa umeondoa nusu ya muziki. Aliurekodi kama ulivyo.

Ajabu ni kwamba yeye huyohuyo, alipoanza kutengeneza ala ya vidole ya kuuza nchi za nje katika miaka ya 1950, hakuifungia makombe wala vifuniko. Aliiita kalimba. Ikatoka laini, safi, inayofaa sebule ya Ulaya au Marekani, na ikauzika sana. Kibiashara alihesabu vizuri. Wapigaji wa mbira wana haki ya kuuliza kwa nini dunia iliijua ala yao kwanza bila sauti yake.

Sikio lake lilikuwa na mipaka mingine. Alipenda muziki aliouona kuwa wa asili, na magitaa ya mijini kwa kawaida aliyahesabu kama uharibifu. Mengi yaliyokuwa yakipigwa kwenye baa na kambi za wafanyakazi miaka ile hakuyapa nafasi, na hasara hiyo haifidiki. Hata hivyo mwaka 1952, katika mji wa Jadotville huko Katanga, ambao leo ni Likasi, alikutana na kijana mpiga gitaa, Mwenda Jean Bosco, mzaliwa wa Bunkeya. Alimrekodi. Miongoni mwa nyimbo zake ilikuwa Masanga, gitaa moja linalosikika kama mawili, na kwa kuwa hakuna mvumo wala mwangwi nyuma yake, kila uzi unasikika peke yake. Santuri za Mwenda zilivuka mipaka yote. Wapigaji wa Kenya waliziiga kwa kuzisikiliza tu, na mwaka 1959 Mwenda mwenyewe alikwenda Nairobi, ambako sauti yake ilitumika hata kutangaza vidonge vya Aspro. Pengine kama jenereta lingesikika nyuma ya Masanga, vidole vile visingeweza kuigwa.

Uganda kazi hiyo ina uzito wa namna nyingine. Katika lubiri la Kabaka, Mengo, Tracey alirekodi entenga, ngoma 15 zilizotungwa kama kinanda na kupigwa na watu sita. Mwaka 1966 jeshi la serikali lililivamia lubiri, Kabaka akakimbilia uhamishoni, na muziki wa ikulu ukatawanyika pamoja na wapigaji wake. Aliyetaka baadaye kujua entenga ilisikikaje kabla ya siku ile, rekodi za Tracey zilikuwa miongoni mwa vichache vilivyobaki vya kumwonyesha.

Mwaka 1954 alianzisha maktaba ya kimataifa ya muziki wa Afrika huko Roodepoort, karibu na Johannesburg, na kutoa mfululizo wa santuri zaidi ya 200. Alifariki Oktoba 1977. Mwaka uliofuata mwanawe Andrew aliihamishia maktaba hiyo Chuo Kikuu cha Rhodes, katika mji ambao sasa unaitwa Makhanda.

Wengi wa waliorekodiwa hawakupata kusikia tena sauti zao. Miaka zaidi ya 60 baada ya safari ya 1950, nakala zilirudishwa Kenya, zikafika hadi Kapkatet kwa Wakipsigis, ambako wasichana walikuwa wameimba Chemirocha, wimbo uliotokana na jina la mwimbaji Mmarekani Jimmie Rodgers waliyemsikia kwenye gramafoni. Wazee wachache waliokuwa vijana siku ile walikuwa bado hai. Walikaa, wakapigiwa rekodi hizo, wakasikiliza.