Menasseh ben Israel: Aliyepanda Bila Kuona Mavuno

Mwaka 1290 Mfalme Edward I aliwafukuza Wayahudi wote kutoka Uingereza. Katika karne ya 17 Wayahudi wachache walioishi London walijifanya Wakatoliki kutoka Hispania, huku wakimwabudu Mungu wa baba zao kwa siri.

Menasseh ben Israel alizaliwa mwaka 1604 katika familia ya Wayahudi wa Ureno waliolazimishwa kubatizwa. Baba yake aliteswa na mahakama ya kanisa iliyowasaka wazushi, na hatimaye familia ikakimbilia Amsterdam. Huko Menasseh akawa rabi angali kijana, na mwaka 1626 akaanzisha kiwanda cha kuchapa vitabu vya Kiebrania. Angeweza kutulia, lakini hakuwasahau ndugu zake waliokosa mahali pa kukimbilia.

Septemba 1655 alivuka bahari kwenda London kumwomba mtawala, Oliver Cromwell, awaruhusu Wayahudi kurudi na kuabudu hadharani. Desemba, Cromwell aliitisha mkutano Whitehall. Wanasheria walisema hakuna sheria iliyowazuia Wayahudi kurudi, lakini wafanyabiashara na baadhi ya wachungaji walipinga. Mkutano ukafungwa bila uamuzi.

Machi 1656 Menasseh na Wayahudi sita wa London waliomba jambo dogo zaidi: kuabudu majumbani kwa amani na kupata mahali pa kuzika wafu wao. Hakuna tangazo lililotolewa. Hata hivyo, mwishoni mwa mwaka huo walikodi nyumba katika mtaa wa Creechurch Lane iwe sinagogi lao, na mwaka 1657 wakapata eneo la makaburi Mile End.

Menasseh alikuwa ametamani ruhusa ya wazi, hivyo alijiona ameshindwa. Septemba 1657 mwanawe Samuel akafa London. Baba aliusafirisha mwili hadi Uholanzi, naye akafariki Middelburg mwezi Novemba, kabla ya kufika Amsterdam. Pensheni ya paundi 100 kwa mwaka aliyopewa na Cromwell haikulipwa.

Mwaka 1701 kusanyiko la Creechurch Lane lilihamia sinagogi jipya, Bevis Marks. Hadi leo Wayahudi hukusanyika humo siku ya Sabato, bila kujificha.

Soma Waebrania 11:13. Je, kuna kazi njema uliyoiacha kwa sababu hukuona matunda yake? Ni nani huenda akanufaika nayo baada yako?