KARDINALI LAVIGERIE: MFARANSA ALIYELETA DINI USHIROMBO BILA KUKANYAGA HUKU

Wadau, aliyewahi kupanda basi la Kahama kwenda Ushirombo anajua kwamba pale kuna misheni kongwe ya Wakatoliki. Ilianza mwaka 1891, enzi ambazo Wajerumani ndio kwanza wanaingia bara. (Kwa wale wadogo: Geita imekuwa mkoa mwaka 2012 tu, kabla ya hapo Bukombe yote ilikuwa Shinyanga yetu.) Walioianzisha walikuwa watu wa shirika linaloitwa Wamisionari wa Afrika, ila jina lililoshika ni White Fathers, Mapadri Weupe. Watu wengi wanadhani weupe unaosemwa ni wa ngozi. Siyo, ni wa kanzu. Na aliyewavika hiyo kanzu ni jamaa mmoja Mfaransa, Charles Lavigerie, ambaye katika maisha yake yote hakuwahi kufika hata Zanzibar.

Huyu bwana alizaliwa tarehe 31 Oktoba 1825 karibu na mji wa Bayonne, kusini magharibi mwa Ufaransa. Baba yake alikuwa mtu wa forodha. Kijana alitaka upadri tangu mdogo, akaupata mwaka 1849, na kichwa kilikuwa kinachemka, maana haukupita muda mrefu akawa anafundisha historia ya Kanisa pale Sorbonne, Paris. Hiyo historia ya Kanisa mshike vizuri kichwani, kwa sababu ndiyo injini ya habari yote hii.

Darasani hakukaa sana. Mwaka 1860 Wakristo waliuawa kwa maelfu Lebanoni na Damasko, na Lavigerie, ambaye alikuwa anaongoza chama cha kuchangia shule za huko, akafunga safari kupeleka misaada. Damasko akakutana na Abdelkader, yule amiri wa Aljeria aliyepigana na Wafaransa miaka kibao halafu akapelekwa uhamishoni. Wakati wa mauaji Abdelkader, Mwislamu swafi, alificha na kuokoa maelfu ya Wakristo. Padri wa Kifaransa anaenda kumshukuru adui wa Ufaransa! Baada ya hapo akafanya kazi Roma kidogo, mwaka 1863 akapewa uaskofu wa Nancy, na mwaka 1867 akakubali kuwa Askofu Mkuu wa Algiers. Nancy ilikuwa kiti kizuri, cha heshima, karibu na wakubwa. Algiers ilikuwa jua, vumbi na matatizo. Kwa nini akubali?

Hapa inabidi turudi nyuma sana, kwa Warumi.

Warumi waliivunja Karthago mwaka 146 kabla ya Kristo, mji uliokuwa pale ilipo Tunisia ya leo. Eneo walilolichukua wakaliita Africa. Ndiyo, jina la bara letu zima lilianza kama jina la mkoa mmoja wa Warumi. Baadaye Ukristo ukaingia huko na ukashika kwelikweli. Mwaka 203 waliuawa Karthago Perpetua, mama kijana mwenye mtoto mchanga, na Felisita aliyekuwa mtumwa, mbele ya umati wa watu. Mwaka 258 akakatwa kichwa askofu wa mji huo, Sipriani. Papa Viktor wa Kwanza, aliyeongoza Roma mwishoni mwa karne ya pili, alikuwa Mwafrika wa huko. Mwaka 313 Kaisari Konstantino akawapa Wakristo uhuru, na mwaka 380 Kaisari Theodosius akaufanya Ukristo kuwa dini ya dola. Agustino alizaliwa mwaka 354 kwenye mji mdogo wa Aljeria ya leo, mama yake ni Monika. Hesabu akina Monika, Perpetua na Agustino ulionao kwenye simu yako. Majina hayo unayoyaona ya Kizungu ni ya Waafrika.

Agustino alikufa mwaka 430 akiwa askofu wa Hippo, mji umezingirwa na Wavandali. Mwaka 698 Waarabu wakaitwaa Karthago. Karne chache mbele, Kanisa lililokuwa na mamia ya maaskofu likawa limefutika kabisa. Misri Wakristo wamebaki mpaka leo, Ethiopia vilevile, ila kule kwa Agustino hakuna kitu.

Profesa Lavigerie aliumizwa na swali hilo. Jibu alilofikia, na mimi naona lina uzito ingawa vita na migawanyiko ya wao kwa wao ilichangia pia, ni kwamba Kanisa lile lilikuwa la Kirumi mno. Lilisali Kilatini, lugha ya mjini na ya serikali. Wamisri walikuwa na maandiko kwa Kikopti, Waethiopia kwa Kigeez. Mkulima Mberberi wa milimani alibaki anasikiliza lugha ya mkusanya kodi. Agustino mwenyewe alihangaika kutafuta mapadri wanaojua Kipuniki kwa ajili ya vijijini. Dola ilipoanguka, dini yake haikuwa na mzizi wa kushika udongo.

Basi Lavigerie akafika Algiers na wazo la kufufua Kanisa hilo, safari hii kwa njia nyingine. Akapokelewa na njaa na kipindupindu, miaka ya 1867 na 1868. Akaokota mayatima zaidi ya elfu moja, akawalea. Gavana wa Kifaransa, MacMahon, akaja juu kwa hofu kwamba Waislamu watasema wanaporwa watoto. Mzee hakurudi nyuma, wakagombana mpaka kesi ikafika kwa mtawala wa Ufaransa, Napoleon wa Tatu. Mwaka 1868 akaanzisha shirika la mapadri, mwaka uliofuata la masista.

Masharti aliyowapa ndiyo yanayomtofautisha na wengine. Vaeni kama wenyeji: ile kanzu nyeupe na joho ni mavazi ya Waarabu wa Aljeria. Kuleni wanachokula. Lugha yao jifunzeni haraka, na mkishaijua ongeeni hiyo hata ninyi kwa ninyi. Jamaa alikuwa mkali, anapandisha hasira kama jiko la mafuta ya taa, lakini hilo la lugha hakulilegeza.

Aljeria yenyewe haikumpa waumini wengi, na Sahara ikamlia watu. Mwaka 1876 mapadri watatu waliuawa wakielekea Timbuktu, mwaka 1881 wakauawa wengine watatu. Katikati ya hapo, mwaka 1878, Papa Leo wa Kumi na Tatu akampa eneo jipya kabisa: nchi za maziwa makuu, yaani kwetu.

Mwezi Juni 1878 wamisionari kumi wakatoka Bagamoyo kwa miguu. Njia waliyopita ni ileile ya pembe na watumwa, mizigo imebebwa na wapagazi, Wanyamwezi na Wasukuma wengi wao kwenye njia hiyo, na kila kwa mtemi wanalipa hongo. (Enzi hizo hongo ilikuwa ushuru halali wa kupita. Neno limeharibikia mbele ya safari.) Padri Pascal, mmoja wa viongozi wao, alifia njiani mwezi wa nane, Tabora hawajaiona. Tabora wakagawana: wengine Ujiji, wengine kaskazini kupita Usukuma hadi Kageye kwenye Ziwa Viktoria. Kutoka hapo Padri Lourdel na Bruda Amans walivuka kwa mtumbwi, wakafika Buganda Februari 1879. Misafara iliyofuata nayo ilizika watu wengi, kwa homa zaidi kuliko kwa mikuki. Majina ya mapadri waliokufa yameandikwa vizuri kwenye vitabu vyao. Ya wapagazi, hakuna.

Mwaka 1882 hali ya Buganda ikawa tete, mapadri wakaondoka, wakavuka ziwa kurudi upande wetu na mwaka 1883 wakaweka kambi Bukumbi, jirani na Mwanza. Miaka minane baadaye ndiyo ikaja Ushirombo, katika nchi ya Wasumbwa. Padri Gerboin, baadaye askofu, alifanya kazi hapo mpaka akafa hapohapo mwaka 1912. Shinyanga mjini Wamarekani wa Maryknoll walichukua baadaye kabisa, miaka ya 1950.

Sasa jambo ambalo bibi na babu wengi wa huku walilionja bila kujua limetoka wapi. Lavigerie aliamuru kwamba mtu mzima asibatizwe kabla ya miaka minne ya mafundisho. Hakuibuni sheria hiyo mwenyewe. Aliitoa kwa Wakristo wa kale, wa zama za Warumi, waliokuwa wanawaweka watu kwenye mafundisho muda mrefu kwa sababu ukibatizwa unaweza kuuawa kesho. Na Buganda ikatokea kweli: kati ya 1885 na 1887 Kabaka Mwanga aliwaua vijana wa ikulu, wengine wakabatizwa usiku wa mwisho kabla ya kuhukumiwa. Karthago ya mwaka 203 imejirudia Namugongo.

Watumwa. Mwaka 1888, tayari kardinali tangu 1882, alizunguka Paris, London na Brussels akihubiri dhidi ya biashara ya utumwa ya huku kwetu, kwa habari alizoletewa na mapadri wake. Kelele hizo zilichangia mkutano wa mataifa wa Brussels wa 1889 hadi 1890. Vilevile alikomboa vijana watumwa na kuwasomesha utabibu Malta. Mmoja wao, Adrian Atiman, mzaliwa wa maeneo ya mto Niger, alifika Karema, Ziwa Tanganyika, mwaka 1889 na akatibu watu huko mpaka alipofariki 1956. Wangapi wanamjua huyu daktari? Wachache sana, na ni aibu.

Lakini tusimpambe mzee. Alikuwa Mfaransa mpaka kwenye mifupa: aliisaidia nchi yake kuishika Tunisia mwaka 1881, na kumkomboa mtoto kwa fedha maana yake muuza watu kaondoka na fedha. Aliota hata ufalme wa Kikristo kando ya Tanganyika, unaolindwa na maaskari waliowahi kumtumikia Papa. Na yule aliyewalaumu Warumi kwa Kilatini, misa ya mapadri wake ilibaki Kilatini Ushirombo mpaka miaka ya 1960. Bibi alisoma katekisimu kwa lugha yake, ila altareni padri anaongea kama Agustino. Waliobadilisha hilo ni Mtaguso wa Pili wa Vatikano na maaskofu wenyeji, akiwemo Laurean Rugambwa wa Bukoba, mtoto wa seminari za hao hao Mapadri Weupe, aliyekuwa kardinali wa kwanza mweusi mwaka 1960.

Mwaka 1884 Papa alikifufua kiti cha Karthago na kumpa Lavigerie. Akajenga kanisa kuu kubwa juu ya kilima kilekile cha magofu, likafunguliwa 1890. Alifariki Algiers tarehe 26 Novemba 1892, akazikwa ndani ya kanisa hilo, nyumbani kwa Sipriani, alikotaka mwenyewe. Tunisia ilipopata uhuru, makubaliano ya 1964 yakalikabidhi jengo kwa serikali, na baadaye likawa ukumbi wa muziki. Mifupa ya Lavigerie ikafukuliwa mwaka huohuo, ikapelekwa makao makuu ya shirika lake. Makao hayo yako Roma.

Mwenye mzee wake aliyepitia ile miaka minne ya mafundisho, Ushirombo au Bukumbi, atumwagie habari hapo chini.