Kingsford Smith, rubani aliyeunganisha Hawaii na Fiji kwa ndege

Leo ndege inayotoka Honolulu, Hawaii, kwenda Nadi, Fiji, inatumia masaa 6 hadi 7 hivi kwa safari ya zaidi ya kilomita 5.000. Mtu wa kwanza kuongoza ndege kati ya visiwa hivyo, Charles Kingsford Smith, alitumia masaa 34 na nusu.

Alizaliwa Brisbane, Australia, tarehe 9 mwezi wa pili 1897. Akiwa mtoto nusura afe maji pwani ya Bondi, Sydney. Katika vita vya kwanza vya dunia alikuwa rubani wa jeshi, akapigwa risasi na kupoteza vidole vya mguu wa kushoto.

Tarehe 31 mwezi wa tano 1928, yeye na wenzake watatu, Charles Ulm, Harry Lyon na James Warner, waliondoka Oakland, Marekani, ndani ya Southern Cross, ndege ya injini tatu. Walifika Hawaii baada ya masaa 27 na zaidi.

Kazi ngumu ilikuwa mbele. Hakuna aliyewahi kuruka kutoka Hawaii hadi Fiji, na kati yake hapakuwa na kiwanja cha kutua. Ndege ilijaa mafuta, ikawa nzito kupita kiasi. Ndiyo sababu walihamia kisiwa cha Kauai, penye njia ndefu zaidi ya kurukia. Angani mvua kali iliwapiga usiku. Injini zilipiga kelele hata wakawa wanaandikiana vikaratasi.

Mjini Suva hapakuwa na kiwanja cha ndege. Miti na nyaya viliondolewa kwenye uwanja wa michezo wa Albert Park, ambao ulikuwa mfupi. Tarehe 5 mwezi wa sita Southern Cross ilitua, na mwishoni rubani akaizungusha ghafla ili isigonge. Kuondoka na mafuta mengi hapo hakukuwezekana. Walirukia pwani ya Naselai, wakafika Brisbane tarehe 9.

Sifa hazikumlinda. Mwaka wa 1929 alipotea kaskazini-magharibi mwa Australia. Rafiki yake wa zamani Keith Anderson na fundi Bob Hitchcock walikwenda kumtafuta, ndege yao ikakwama jangwani, wakafa kwa kiu. Wengine walimshitaki Kingsford Smith kwamba alijipoteza kwa makusudi ili atafute sifa. Tume ya uchunguzi ilimsafisha, lakini maneno hayakuisha.

Mwezi wa kumi na moja 1935, akitoka Uingereza kwenda Australia pamoja na Tommy Pethybridge, alitoweka karibu na pwani ya Burma. Alikuwa na miaka 38. Miili yao haikuonekana hadi leo.

Kiwanja kikubwa cha ndege cha Sydney kina jina lake, na Southern Cross imehifadhiwa Brisbane.