Florence Nightingale, Mgonjwa Aliyefanya Kazi Kitandani



Katika mkutano wetu uliopita wengi mliniona nimekaa kitini chini ya mwembe huku ninyi mkizunguka mabweni. Ndugu mmoja wa darasa letu alinitania kwamba bingwa wa mbio za nyika siku hizi amekuwa mvivu. Nilicheka naye, lakini usiku sikupata usingizi. Yapata miaka tisa sasa miguu yangu inagoma. Nikitembea hatua mia mbili leo, kesho na keshokutwa hulala kama mtu aliyelima ekari nzima. Damu imepimwa na picha zimepigwa, hakuna kilichoonekana. Hatimaye daktari mmoja aliniambia ni ugonjwa wa uchovu sugu. Basi Mhariri aliponiomba niandike maisha ya mtu mashuhuri, nilimchagua Florence Nightingale, ingawa sidai kwamba maradhi yetu ni yale yale.

Bibi huyu alizaliwa tarehe 12 Mei 1820 katika mji wa Florence, Italia, akapewa jina la mji huo. Wazazi wake walikuwa Waingereza matajiri, nao hawakutaka binti yao awe muuguzi, kwani kazi hiyo wakati ule ilidharauliwa. Hata hivyo alishika nia yake. Novemba 1854, wakati wa Vita vya Krimea, alifika Scutari, Uturuki, pamoja na wauguzi 38. Huko aliona askari wakifa kwa maradhi kuliko kwa majeraha. Hayo, na ile taa yake, tulifundishwa darasani.

Tusilofundishwa ni hili. Mei 1855 alipokwenda kukagua hospitali za Balaclava alishikwa na homa kali, akakaribia kufa. Aliendelea na kazi mpaka vita vikaisha, akarudi kwao 1856. Mwaka uliofuata alianguka tena, na tangu hapo hakuwa mzima kwa miaka mingi. Moyo ulimwenda mbio, mgongo ulimwuma, na mwisho wa 1861, akiwa na miaka 41 tu, alishindwa kutembea. Kwa miaka kadhaa ilibidi abebwe kutoka chumba hadi chumba.

Waganga wa siku zile hawakuutambua ugonjwa huo. Baadaye wakatokea waandishi waliosema alijisingizia tu. Mwaka 1995 mtaalamu mmoja alieleza kwamba huenda ilikuwa bruselosi, maradhi ambayo huweza kupatikana kwa maziwa yasiyochemshwa. Wengine huufikiria uchovu sugu, na ndiyo sababu tarehe 12 Mei, ambayo ni siku ya wauguzi duniani, ni siku yetu pia sisi wagonjwa wa uchovu huo.

Sasa tazameni kazi ya huyo aliyedhaniwa kujisingizia. Mwaka 1858 alikuwa mwanamke wa kwanza kuingizwa katika chama cha wanatakwimu cha Uingereza. Mwaka 1859 kilitoka kitabu chake juu ya kuuguza, na mwaka 1860 ikafunguliwa shule yake ya wauguzi katika hospitali ya St Thomas', London. Alishughulikia pia afya ya majeshi huko India, nchi ambayo hakuikanyaga kamwe. Sehemu kubwa ya hayo aliyafanya kitandani, kwa kalamu na karatasi. Nguvu zake chache alizitunza kama akiba: wageni aliwapokea mmoja mmoja, kwa miadi. Uzeeni alipata nafuu, na mwaka 1907 akawa mwanamke wa kwanza kutunukiwa nishani ya Order of Merit. Alifariki 13 Agosti 1910, akiwa na miaka 90.

Ndugu zangu, mkitaka kunitembelea, karibuni sana, ila njooni mmoja mmoja.

Na jambo moja la mwisho. Mnamkumbuka mwenzetu aliyekuwa akibaki bwenini wakati wa mchakamchaka, akisema miguu imekataa? Tulimwita mtegaji. Mimi nilikuwa kiranja, nami ndiye niliyeandika jina lake akaadhibiwa, si mara moja. Kama anausoma ukurasa huu, namwomba radhi.