Robert Williams, Mskoti aliyeitafutia shaba ya Katanga njia ya baharini

Malori yanayotoka Kolwezi yamejaa shaba na kobalti yanakwenda siku nyingi kabla ya kufika Durban au Dar es Salaam. Lakini ukitazama ramani kutoka Mutoshi, bahari iliyo karibu zaidi iko upande wa magharibi, kule Lobito, Angola. Mtu mmoja aliliona jambo hilo zaidi ya miaka 120 iliyopita, akatumia karibu miaka 30 ya maisha yake kulitimiza. Aliitwa Robert Williams.

Alizaliwa Aberdeen, Scotland, mwaka wa 1860. Alikuwa fundi wa mitambo, na mwaka wa 1881 alikwenda Afrika Kusini kutafuta kazi kwenye machimbo ya almasi ya Kimberley. Huko alijuana na Cecil Rhodes, tajiri aliyeota reli ya kutoka Cape hadi Cairo. Urafiki huo ulimfungulia Williams milango mingi, na baadaye ulimletea pia maadui.

Mwaka wa 1899 alianzisha kampuni ya Tanganyika Concessions. Mkuu wa msafara wake alikuwa George Grey, ndugu ya Edward Grey aliyekuja kuwa waziri wa mambo ya nje wa Uingereza. Grey alifika kwanza Kansanshi, upande ambao leo ni Zambia, kisha akavuka kuingia Katanga baada ya Williams kupatana na wakubwa wa Mfalme Leopold II mwaka wa 1900. Vitabu vya wazungu husema kwamba walivumbua migodi. Ukweli ni kwamba walikuta mashimo yaliyochimbwa tangu zamani. Wasanga na majirani wao walikuwa wakiyeyusha shaba na kuitia katika umbo la msalaba vizazi vingi kabla ya Grey kuzaliwa, na ni wenyeji waliowaonyesha wageni njia. (Grey mwenyewe alikufa mwaka wa 1911, baada ya kujeruhiwa na simba huko Kenya.)

Kati ya sehemu walizozishika ilikuwa Ruwe, ndiyo Mutoshi ya leo. Pale kazi ilianza kwa dhahabu. Shaba ilionekana wazi, lakini dhahabu kidogo inaweza kubebwa na wapagazi ikaleta faida, na shaba haiwezi. Ni tani kwa tani, na bila reli ni mawe tu. Hesabu hiyo ndiyo iliyomsukuma Williams.

Tarehe 28 Novemba 1902 serikali ya Ureno ilimpa ruhusa ya kujenga na kuendesha reli kutoka Lobito hadi mpaka wa Kongo kwa miaka 99. Kampuni yake ilipata asilimia 90 ya hisa, Ureno ikabaki na 10. Rhodes alikuwa amekwisha kufa mwezi wa tatu mwaka huohuo. Waingereza wengi waliokuwa na mali katika reli za kusini walimwona Williams kama msaliti: kwa nini shaba ipite kwa Wareno badala ya Rhodesia?

Kazi ilianza mwaka wa 1903, na mlima ukawa adui wa kwanza. Kutoka Lobito reli hupita pwani kavu, halafu inakutana na ukuta wa mawe. Katika korongo la Lengue mteremko ulikuwa mkali mno: mita moja ya kupanda kwa kila mita 16. Magurudumu ya kawaida yangeteleza. Kwa hiyo waliweka katikati ya njia reli ya tatu yenye meno, na mashine ikapanda kwa kuyang'ata meno hayo. Abiria waliona mabonde chini ya madirisha yao, kisha taratibu joto la pwani likaisha wakaingia nyanda za juu zenye baridi, zaidi ya mita 1,800 juu ya bahari. Kandokando ya njia ilipandwa mikaratusi, maelfu kwa maelfu, kuwa kuni za mashine.

Uzuri huo uligharimu watu. Wafanyakazi wa Kihindi waliletwa kutoka Natal, na katika Angola ya Wareno kazi ya lazima ilikuwa jambo la kawaida. Kampuni ya Williams pia iliajiri vijana wa Rhodesia ya Kaskazini kwa ajili ya migodi ya Union Minière, iliyoundwa mwaka wa 1906 na Tanganyika Concessions pamoja na Société Générale ya Ubelgiji. Majina ya waliochimba njia ile hayakubandikwa kwenye stesheni yoyote.

Reli ilifika Huambo mwaka wa 1912, kisha ikakwama. Fedha zilikwisha, vita vikaja, na kwa miaka kadhaa chuma kiliishia kilomita 500 hivi kutoka baharini. Wakati huo reli ya kusini ilikuwa imekwisha kufika Lubumbashi tangu 1910. Mtu mwingine angekata tamaa. Williams aliendelea kubisha hodi London, Lisbon na Brussels hadi alipopata pesa tena. Mwaka wa 1929 njia ya Angola ilizinduliwa, yenye urefu wa kilomita zaidi ya 1,300. Kwa upande wa Kongo, BCK ilijenga zaidi ya kilomita 500 kutoka Tenke, kupitia Kolwezi, hadi Dilolo. Mwaka wa 1931 shaba ya Katanga ilianza kushuka Lobito, mwaka ambao bei ya shaba duniani ilikuwa imeanguka vibaya.

Mfalme wa Uingereza alikuwa amempa Williams cheo cha heshima mwaka wa 1928. Alikufa Scotland mwaka wa 1938, akiwa na miaka 78.

Vita vya Angola viliifunga njia kuanzia 1975. Wachina waliijenga upya, na mwaka wa 2015 marais wa Angola, Kongo na Zambia walikutana Luau kuifungua tena. Mwaka wa 2023 ilikabidhiwa kwa kampuni za kigeni zilizopewa miaka 30.

Karibu na Huambo kuna mji mdogo ambao Wareno waliuita Vila Robert Williams. Leo unaitwa Caála, na treni bado hupita pale.