Edward Acheson, aliyefanya kinywe kikubali kuchanganyika

Weusi ulio katikati ya penseli unatokana na madini ya kinywe. Kinywe hicho hicho kimo ndani ya betri ya simu unayosomea makala haya, na hapa Tanzania kinapatikana Mahenge mkoani Morogoro na Ruangwa mkoani Lindi. Leo tunaangazia maisha ya mtu aliyeonyesha kwamba faida ya kinywe inategemea kinavyotayarishwa.

Edward Goodrich Acheson alizaliwa mwaka 1856 katika jimbo la Pennsylvania, Marekani. Aliacha shule akiwa na miaka 16 ili aisaidie familia yake. Mwaka 1880 aliajiriwa na mvumbuzi Thomas Edison, ambaye baadaye alimtuma Ulaya kufunga taa za umeme.

Mwaka 1891 alipitisha umeme mkali kwenye mchanganyiko wa udongo na makaa yaliyosagwa, akapata chembe zinazokaribia ugumu wa almasi. Ni kaborundamu, inayotumika hadi leo kwenye msasa na mawe ya kunolea. Moto ulipozidi, chembe hizo ziliharibika, kikabaki kinywe safi. Mwaka 1896 alipata hataza, yaani haki ya mvumbuzi, ya kutengeneza kinywe kwa njia hiyo.

Lakini unga wa kinywe ukitiwa majini hutuama chini. Jibu lilitoka kwenye matofali. Acheson alitafuta udongo imara wa kutengenezea vyungu vya kuyeyushia madini, akakumbuka habari ya Biblia ya wana wa Israeli walionyimwa majani ya kuchanganya na udongo wa matofali huko Misri. Mwaka 1901 aliona kuwa maji yaliyolowekwa majani makavu huufanya udongo ufinyangike vizuri na uwe imara ukikauka. Tanini, ile dawa ya magome ya miti inayotumika kutengeneza ngozi, ilifanya kazi hiyo hiyo.

Mwaka 1906 aliijaribu tanini kwenye kinywe. Chembe ziliacha kushikana, zikabaki zikielea, na kinywe hicho kikatumika kulainisha mashine. Acheson alifariki mwaka 1931 akiwa na hataza 70.

Tatizo lake lingalipo. Viwanda huchanganya kinywe kwenye plastiki na mpira ili viwe imara zaidi au vipitishe umeme na joto. Hutumia pia grafini, tabaka la kinywe lenye unene wa atomu moja, lililotenganishwa Manchester, Uingereza, mwaka 2004. Chembe zikifanya mabonge, kama uji uliokorogwa vibaya, plastiki huwa dhaifu palipo na bonge. Kwa hiyo wataalamu hubadilisha kwanza uso wa chembe hizo ili zishikane na plastiki.

Kazi hiyo ndiyo inayoongeza bei. Tukiuza kinywe ghafi, tunamwachia mwingine kazi hiyo pamoja na malipo yake.